Sura ya Tisa: Ishara kwa Mtu Asiyekuwepo

Jumatano asubuhi Inspekta Biasha Mwinyi alitoka kwa daktari wa meno akiwa amepungukiwa na jino moja, na nusu ya uso wake haikuwa yake tena. Ganzi ilikuwa imemshika kutoka sikioni hadi kidevuni. Alipofika kituoni aliwaitikia askari wa zamu kwa upande mmoja wa mdomo, na hakuna aliyethubutu kucheka.

Kwenye benchi la nje alikuwa amekaa Mwanafatuma, mke wa Athmani, kikapu cha chakula mapajani. Alikuwa akija tangu Ijumaa. Halii, haulizi, hamlaumu mtu. Hungoja saa ya kuruhusiwa, humpa mumewe wali na samaki, kisha hurudi kwao Gazi.

"Shikamoo, Inspekta."

"Marahaba. Waonaje hali, Mwanafatuma?"

"Alhamdulillahi. Kesho ndiyo siku ya kupelekwa mahakamani?"

"Kesho saa tatu, Kwale."

"Basi jioni nitaleta kanzu safi," alisema Mwanafatuma, na kwa namna alivyolisema ungedhani mumewe anakwenda harusini. Biasha aliingia ndani.

Aliyemkamata Athmani ni Biasha mwenyewe, na hilo lilimkera kuliko jino. Athmani alikuwa mtunza stoo wa Chuo cha Muziki cha Kinondo. Alhamisi iliyopita, saa kumi na dakika thelathini na tano alasiri, katibu wa chuo alimkuta Mwalimu Elijah Mwero amelala chini ya ngazi ya stoo ya nota, kisogo kimepasuka kwenye ukingo wa kipandio cha saruji, roho imeshatoka. Daktari wa Msambweni aliona alama za viganja viwili kifuani. Mtu alimsukuma. Ufunguo wa Athmani ulikuwa mlangoni, na siku moja kabla wawili hao walikuwa wamegombana mbele ya watu kwa sababu ya fidla zilizoachwa juani. Alipoulizwa alikuwa wapi saa hiyo, Athmani alisema alikuwa nyuma ya stoo akiswali Alasiri, peke yake. Mungu alimwona, lakini Mungu haitwi kizimbani kutoa ushahidi.

Kulikuwa na mtu wa pili, naye aliponyoka mapema mno. Fondo Karisa, seremala wa chuo, alikuja Kinondo kutoka Kinango akimfuata mdogo wake, Mbodze, mwanafunzi wa mwaka wa pili wa shahada ya uzamili ya uongozaji wa okestra, na wa pekee katika somo hilo mwaka huu. Fondo ndiye aliyemlea dada huyo tangu wazazi wao walipofariki, na ndiye aliyeacha shule ili dada asome. Wiki iliyopita, siku ya Jumatano, Mwalimu Elijah alimwambia Mbodze asifanye mtihani wa mwisho, angoje mwaka mmoja. Fondo aliingia ofisini kwa mwalimu, akafoka hadi wapishi wakatoka jikoni kusikiliza.

Lakini Alhamisi saa kumi Fondo alikuwa ukumbini. Mwalimu alikuwa amemfundisha kupiga timpani, zile ngoma kubwa za shaba zinazokaa nyuma kabisa ya okestra, maana chuo kilikosa mpigaji na seremala alikuwa na mikono mizuri. Watu thelathini na mmoja walikuwa wakipiga naye. Wote waliandika maelezo, wote walitia saini, na dada yake mwenye kijiti cha kuongozea alitia saini wa kwanza.

"Haya, tuitazame tena ile video," Biasha alimwambia Sajenti Hesbon.

Hesbon alikuwa mtu wa bara, mwenye miaka kumi na minne ya kazi Ukunda na subira ya miaka miwili. Alishusha pumzi na kuwasha kompyuta.

"Madam, hii kitu nimeiona mara saba. Mtu anapunga mikono tu. Na hii ndio wanaita masters?"

"Mjomba wangu alipiga nzumari kwenye ngoma ya sengenya miaka thelathini, na hakuna aliyempa hata cheti cha asante. Tazama."

Mtihani wa shahada ile haukuwa wa kalamu na karatasi. Mwanafunzi hurekodiwa akiongoza okestra, kamera ikiwa imesimamishwa katikati ya wapigaji, ikimtazama yeye tu kuanzia kiunoni kwenda juu. Video haikatwi hata mara moja. Hupelekwa kwa watahini wa nje ya nchi, nao husoma mikono na macho kama karani anavyosoma hati. Wapigaji hawaonekani popote. Wanasikika.

"Fundi wa kompyuta alisemaje?"

"Haijakatwa, haijaunganishwa. Saa ya kamera iko sawa. Inaanza saa kumi kamili, inaisha saa kumi na dakika ishirini na tisa. Fondo anasikika mwanzo, anasikika mwisho. Mwalimu alikuwa kwa simu na mke wake mpaka saa kumi na dakika kumi na mbili. Jamaa hawezi kuwa pande mbili."

"Kusikika mwanzo na mwisho si kusikika katikati. Katikati kuna nini?"

"Sehemu ya pili. Dakika kumi na moja. Hakuna ngoma hata moja, ni ya taratibu. Imeandikwa hivyo."

"Dakika kumi na moja hana kazi, amekaa tu."

"Wanasema hapo anahesabu. Wapigaji wa ngoma hulipwa kwa kuhesabu, Madam."

Picha ilikuwa imefika dakika ya tisa na nusu. Mbodze, mwembamba, nywele zimesukwa kurudi nyuma, alikuwa akiwaangalia wapiga fidla walio karibu yake. Ghafla macho yake yaliinuka, yakaenda mbali nyuma upande wake wa kushoto, yakakaa huko mapigo matatu, kisha yakarudi. Mikono haikukosea kitu. Biasha alirudisha nyuma, akatazama tena, akaandika saa kwenye daftari.

Halafu alimwambia Hesbon afungue video ya pili. Mbodze alikuwa amerekodi mara mbili, Jumanne na Alhamisi, ili achague iliyo bora. Waliziweka mbili hizo pamoja, moja kushoto mwa kioo na nyingine kulia, wakaziendesha sambamba kuanzia pale sehemu ya tatu inapoanza. Kwa dakika mbili Mbodze wa Jumanne na Mbodze wa Alhamisi walifanya mambo yale yale. Kisha wa Jumanne akanyanyua mkono wa kushoto, akautuma nyuma kushoto pamoja na macho, na kwa mbali pakasikika mngurumo mdogo. Wa Alhamisi naye akaunyanyua mkono ule ule. Ukafika kifuani, ukasita. Macho yakahama. Mkono ukageukia kulia, kiganja juu, vidole wazi, kama mtu anayeomba aongezewe mchuzi.

"Hapo," Biasha alisema. "Kulia kwake wanakaa akina nani?"

Hesbon alipekua karatasi. "Wapiga besi. Wanne. Wa kwanza anaitwa Kadzo. Huyo marehemu alimfukuza mazoezini wiki mbili muhula uliopita, utovu wa nidhamu."

"Ustadhi wetu wa madrasa alikuwa na jicho kama hilo. Alilipeleka kwa aliyekosea au aliyechelewa kurudi kutoka msalani. Twende."

Ilikuwa dhana nzuri, na ilidumu mpaka Kinondo.

Kadzo alikuwa peke yake ukumbini, akisugua utomvu mkavu kwenye uta wa besi, lile zeze kubwa linalomzidi mpigaji kimo. Aliamkia vizuri, akavuta viti viwili. Biasha hakukaa.

"Alhamisi, mwanzoni mwa sehemu ya tatu, ulikuwa wapi?"

"Hapa nilipo."

"Kiongozi wako alikutazama kwa namna ambayo hakukutazama Jumanne. Ulichelewa kuingia au hukuwepo?"

Kadzo hakukasirika. Tangu Alhamisi hakuna mtu pale chuoni aliyekuwa na nguvu za kukasirika. Walikuja, walikaa kwenye viti vyao, walijibu walichoulizwa. Alifungua nota zake, akatafuta ukurasa, akamgeuzia Inspekta.

"Kama sikuwepo, hii aliandika nani?"

Kwa penseli, juu ya mistari, palikuwa na maneno mawili: Zaidi! Alh.

"Hiki ni kipimo cha mia mbili na kumi na mbili," Kadzo alieleza, akionyesha kipande kidogo kati ya mstari wima na mwingine. "Tunavihesabu ili tusipotee. Nota zenyewe zinasema tupige kwa sauti ya chini. Alhamisi mkono wake ukasema zaidi, tukampa zaidi. Sisi tukiombwa kitu kipya tunakiandika papo hapo, maana kesho hukikumbuki."

"Hukumuuliza kwa nini?"

"Mkono hauulizwi, Inspekta. Unafuatwa."

Biasha aliyasoma tena yale maneno ya penseli. Upande wa uso wenye ganzi ulimfanya aonekane mkali kuliko alivyokuwa. Dhana yake nzuri ilikuwa imekufa, lakini ilikuwa imeacha mtoto.

"Siku nyingine, katika kipimo hicho, ishara hupewa nani?"

"Timpani," Kadzo alisema bila kufikiri. "Fondo huwa kimya sehemu yote ya pili, kisha huingia hapo chini kwa chini. Sauti yake na yetu ni moja. Anatuongezea uzito tu."

"Alhamisi aliingia?"

"Nikiwa napiga besi sisikii kitu ila besi. Mwishoni nilimsikia. Kila mtu alimsikia, zile ngoma zinatikisa sakafu."

"Sikukuuliza mwishoni. Ulimwona?"

Kadzo aligeuka kutazama ngoma nne za shaba zilizofunikwa shuka, na nyuma yake mlango mdogo wa mbao.

"Fondo yuko nyuma yetu. Hakuna anayemwona. Sote tunamtazama Mbodze."

"Na Mbodze?"

"Mbodze ndiye anayetutazama sote," alisema Kadzo, kisha akashusha uta, kama mtu aliyeangusha sahani ya watu.

Kwenye meza ya kiongozi kitabu kikubwa cha nota kilikuwa bado kimefunguliwa. Kilijaa rangi: bluu kwa wapiga filimbi, kijani kwa tarumbeta, nyekundu kwa ngoma. Juu ya kipimo cha mia mbili na kumi na mbili Mbodze alikuwa amechora jicho jekundu, na pembeni yake herufi F.

"Hilo jicho?" Biasha aliuliza.

"Mwalimu Elijah aliwafundisha kulichora. Maana yake mtazame mtu kabla hujampa ishara. Alikuwa akisema, usimpe ishara mtu asiyekuwepo. Mkono ukidanganya siku moja, okestra haitauamini tena."

Biasha alimtuma Hesbon atoke kwa mlango mdogo na kutembea hadi stoo ya nota, mwendo wa mtu mwenye haraka asiyetaka kuonekana ana haraka. Alishika saa. Dakika tatu. Fondo alitoka saa kumi na dakika tisa na kitu, akafika saa kumi na dakika kumi na mbili na kitu, mwalimu akiwa ndio kwanza anaiweka simu mfukoni. Kurudi dakika tatu nyingine. Kipimo cha mia mbili na kumi na mbili kilipita saa kumi na ishirini na mbili bila yeye. Saa kumi na ishirini na tano, ngoma zilipotakiwa kutikisa sakafu, alikuwa mahali pake.

"Si tumemaliza?" Hesbon aliuliza alipokuwa akipangusa jasho. "Tumchukue tu."

"Tumchukue na nini? Wakili atasema msichana alibadili mawazo, akataka besi zaidi. Nitamjibuje? Mimi polisi mzaliwa wa Gazi, kwenye nota natofautisha nyeusi na nyeupe basi. Mashahidi thelathini na mmoja upande mmoja, jicho jekundu upande wa pili."

"Sasa?"

"Sasa tukamuulize mwenye mkono."

Fondo alikuwa amekaa kwenye kizingiti cha chumba cha vioo, mahali ambapo wanafunzi wa uongozaji hujizoeza. Alikuwa na randa na ubao mapajani, lakini hapakuwa na hata unyoya mmoja wa mbao miguuni pake. Alisimama alipowaona.

"Shikamoo, Inspekta."

"Marahaba, Fondo. Kazi?"

"Leo haifanyiki. Matokeo yanatoka leo. Nimemwambia nitakaa hapa mpaka yaje, siondoki." Alijaribu kutabasamu. Macho yalikuwa mekundu, na mkono wake wa kulia ulikuwa ukigonga ubao kwa kidole, nne, nne, nne, bila yeye kujua.

"Kaa tu. Nina maneno mawili na dada yako."

Hesbon alibaki naye kizingitini. Ndani, Mbodze alikuwa amesimama mbele ya kioo cha ukuta mzima, akiongoza bila kijiti na bila sauti yoyote. Biasha alimtazama hadi mikono iliposhuka. Kisha akafunga mlango, akatoa kompyuta ndogo, akaweka Jumanne na Alhamisi kando kwa kando, akaziacha ziende. Mbodze alizitazama bila kukunja uso. Alikuwa na uso wa mtu anayesubiri basi asilolitaka.

"Mkono ulikuwa unakwenda wapi?" Biasha aliuliza.

"Kwa besi."

"Kabla ya besi."

"Nilibadili mawazo."

"Ukiwa umeshachora jicho jekundu, na ukiwa umempa ishara yeye kila siku kwa miezi minne?"

"Kiongozi anaruhusiwa kubadili mawazo."

"Sawa. Dakika ya tisa na nusu ulimtazama nani akitoka?"

"Hakuna aliyetoka."

"Mbodze. Kesho saa tatu Athmani anasomewa shtaka la mauaji. Alikuwa akikutengenezea nyuzi za fidla bure, nimeambiwa. Mkewe ameniambia ataleta kanzu safi."

"Namjua Mwanafatuma. Aliniletea mahamri nilipougua."

"Basi?"

"Nimeshaandika maelezo, Inspekta. Fondo alikuwepo."

Biasha aliachana na hilo, akachukua njia nyingine. Alitoa karatasi iliyokunjwa mfukoni, akaifungua mezani. Ilikuwa nakala ya fomu ya idhini ya mtihani.

"Mwalimu alikwambia ungoje mwaka. Lakini hii ilikuwa kwenye trei ya katibu. Ameitia saini Alhamisi, saa tatu asubuhi."

"Najua. Katibu alinionyesha Ijumaa. Bila hiyo nisingeweza kutuma video."

"Kwa hiyo saa kumi, kaka yako alipokwenda kumsihi au kumgombeza, jambo lilikuwa limekwisha. Mwalimu alikuwa amekubali."

"Sikusema kaka yangu alikwenda."

"Anajua kuhusu saini?"

Mbodze alitazama mlango. Kidole cha Fondo kilisikika kwa mbali kwenye ubao.

"Anadhani nilituma bila idhini, kwa kuwa mwalimu hayupo. Hajauliza. Sijamwambia."

Hilo halikuwa kukiri, lakini lilikaribia. Biasha alivuta kiti na kukaa. Ganzi ilianza kumtoka, na shimo la jino lilianza kupiga. Aliuliza swali ambalo halikuwa daftarini.

"Ulikuwa na video mbili. Ya Jumanne ingetosha, haina dosari, na hakuna polisi ambaye angeitazama mara mbili. Ulipeleka ya Alhamisi Ijumaa mchana, mwalimu wako akiwa mochari. Kwa nini?"

Kwa mara ya kwanza Mbodze alimtazama usoni.

"Kwa sababu ya Alhamisi ndiyo nzuri."

"Nzuri?"

"Jumanne niliongoza nilichokariri. Alhamisi niliongoza kilichokuwepo. Mwalimu alikuwa akinitaka hivyo miaka miwili, na siku nilipoweza hakuwa pale kuona. Sikuweza kupeleka ile mbaya. Nilijaribu. Nilikaa na simu saa nzima. Nilidhani hapa hakuna anayesoma mikono."

Simu iliyokuwa juu ya piano ililia mlio mfupi.

Mbodze alikwenda, akaichukua, akafungua. Biasha aliona macho yakishuka mstari kwa mstari, yakifika mahali, yakisimama, yakirudi juu na kuanza tena. Angeweza kuizima. Angeweza kuitia mfukoni na kusema ni ujumbe wa shangazi. Biasha hakuwa na hati ya kumpekua simu, na wote wawili walijua.

"Ni watahini," Mbodze alisema. "Nikusomee?"

"Kama unataka."

Barua ilikuwa ya Kiingereza. Aliisoma kimya kipande kwa kipande, akaigeuza Kiswahili polepole, kama anayemsomea mzee barua ya hospitali.

"Wanasema wamepokea, wamejadili. Wanasema sehemu ya kwanza ni sahihi lakini ina woga. Ya pili ina pumzi. Halafu wanasema: Katika sehemu ya tatu, kipimo cha mia mbili na kumi na mbili, mpigaji wa timpani hakuwepo mahali pake. Macho ya mtahiniwa na sauti ya rekodi vinathibitisha hilo. Mtahiniwa hakutoa ishara kwa kiti kitupu. Ndani ya pigo moja aliukabidhi uzito kwa besi, na muziki haukuvunjika. Hili ndilo lililotufanya tumpe alama tulizompa." Akateremsha ukurasa kwa kidole. "Chini kuna majina yao na saini. Wako watatu."

"Alama ngapi?"

"Tisini na moja."

"Hongera," Biasha alisema, na alimaanisha.

"Asante."

Mbodze alimkabidhi simu mwenyewe, skrini ikiwa wazi. Kisha akakaa kwenye kiti cha piano, mikono mapajani, akasema bila kuulizwa. Alimwona kaka yake akitoka dakika ya tisa na nusu. Alidhani anakwenda msalani. Kipimo cha mia mbili na kumi na mbili hakuwepo. Aliporudi alikuwa na vumbi la saruji gotini. Usiku ule alimwambia: nilimsukuma tu, Mbodze, nilitaka anitazame anaposema nami, alikuwa ananipa mgongo akipanda ngazi, nikamgeuza, nikamsukuma. Biasha aliandika yote, neno kwa neno. Ilichukua ukurasa mmoja na nusu.

"Utatia saini?"

Alitia saini. Mkono haukusita popote.

"Naomba kitu kimoja," Mbodze alisema. "Nimwambie mimi kwanza kwamba nimefaulu."

Katika miaka kumi na tisa ya kazi Biasha aliwahi kuombwa maji, sigara, wakili na msamaha. Hili halikuwa kwenye kanuni. Alisimama, akafungua mlango, akampa Hesbon ishara ya kichwa asogee pembeni.

Fondo alikuwa tayari amesimama. Randa ilianguka.

"Kaka," Mbodze alisema, "nimepita. Tisini na moja."

Fondo alimtazama kwanza kana kwamba hakuelewa. Kisha uso ukafunguka wote. Alicheka kwa sauti, akapiga ubao kwa viganja viwili, pigo la chapuo, ngoma ndogo ya kwao, akamshika dada yake na kumnyanyua hadi viatu vikamvuka.

"Nilisema! Sikusema? Tisini na moja! Na yule alitaka ungoje mwaka mzima." Alimshusha, akamshika mabega. "Unaona? Alikosea. Mwalimu wa watu alikosea, Mungu amrehemu. Alikosea, sivyo?"

Biasha alikuwa mlangoni hatua mbili nyuma yao, nakala ya fomu mkononi. Aliikunja, akaitia mfukoni.

"Ndiyo, kaka," Mbodze alisema. "Alikosea."

Fondo aliitikia kwa kichwa, mara nyingi, akifuta machozi kwa mkono wa shati. Ndipo alipomwona Hesbon pembeni, na pingu. Alizitazama, akamtazama dada yake, na hakuuliza aliyesema ni nani. Aliinama, akaokota randa, akaipangusa mchanga, akaiweka juu ya kizingiti mahali ambapo haitakanyagwa. Halafu akanyoosha mikono.

Kwenye gari Biasha alipiga simu kituoni. Alimwambia askari wa zamu amtafute Mwanafatuma, amwambie asihangaike na kanzu, mumewe atarudi nyumbani leo. Pengo la jino lililong'olewa lilikuwa likiuma sasa hadi jichoni. Nyuma yake Fondo alikuwa akimweleza Hesbon kuhusu alama tisini na moja.